Kioo Kilichopasuka cha Galileo

Siku moja mwanafunzi wangu aliinua mkono darasani akaniuliza: «Mwalimu, ni kweli Kanisa lilimhukumu mtu kwa ajili ya mambo ya nyota?» Nikamjibu kwamba maneno hayo atayasoma katika darasa la juu. Akaketi kimya. Jibu nililijua, lakini niliogopa kulitamka.

Swali lile nililikuta tena huko Italia. Tulikuwa tumetoka kuhiji Roma, tukapita Firenze, tukaingia katika Museo Galileo, karibu na mto Arno. Nilitazamia kuona chombo kikubwa cha kung'aa. Kumbe darubini mbili za Galileo zilizobaki ni nyembamba kama fimbo za wazee, moja imevikwa karatasi, nyingine ngozi.

Kilichonisimamisha hasa ni kioo kimoja cha darubini, upana wake milimeta 38, nacho kimepasuka. Kimewekwa katika fremu ya pembe ya ndovu iliyochongwa na Vittorio Crosten mwaka 1677. Nakshi zake ni nyingi mno, kwa macho yangu zimezidi. Lakini kioo chenyewe ndicho kilichomwonyesha Galileo, Januari 1610, nyota ndogo nne zikiandamana na Mshtarii. Ilikuwa miezi yake, inayoizunguka. Basi si kila kitu cha mbinguni huizunguka dunia yetu!

Aliitazama na Kilimia, ambayo wazee wetu waliiangalia ili wajue majira ya kulima. Kwa macho matupu twahesabu nyota sita, labda saba. Yeye alichora nyota 36 katika kitabu chake cha mwaka ule ule.

Mwaka 1633 mahakama ya Kanisa mjini Roma ilimlazimisha kukana kwamba dunia huzunguka jua. Akafungiwa nyumbani mwake hadi kufa, mwaka 1642. Tarehe 31 Oktoba 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri mbele ya wataalamu kwamba wanateolojia wa wakati ule walikosea. Nami nilipoulizwa lile swali, Papa alikwisha kusema zamani. Mimi, mwalimu mdogo, nilikuwa namfichia nani?

Niliporudi nilimtafuta yule kijana. Aliacha masomo, sasa yuko Kolwezi, kazi yake mgodini. Nimemwandikia barua ya kurasa tatu, na chini yake nimechora Kilimia, nyota zote kadiri nilivyoweza.