Kaka Mkubwa Alibaki Nje

Katika miaka ya 1930 uamsho wa Kikristo ulianza Gahini, nchini Rwanda. Ulienea Uganda, Burundi na magharibi ya Tanganyika. Watu walitubu mbele ya wenzao. Wengine walirudisha mali waliyoiba.

Kutubu ni kazi ngumu. Lakini mimi naona kumpokea aliyetubu ni kazi ngumu zaidi. Hapa Kakonko, mtu aliyeiba mihogo aweza kusamehewa kanisani Jumapili. Jumatatu bado anaitwa mwizi. Nani atamwazima jembe?

Sasa unajua kusoma. Fungua mwenyewe Injili ya Luka, sura ya 15. Kijana alitapanya mali ya baba yake. Akaishia kuchunga nguruwe, tena ana njaa. Aliporudi, baba alimwona kwa mbali akamkimbilia. Mzee mzima anakimbia! Hakumdai fedha kwanza. Alimvika vazi, pete na viatu, akachinja ndama.

Kaka mkubwa alitoka shambani, amechoka. Tusimbeze, alikuwa mchapakazi kweli. Alikasirika, akakataa kuingia. Baba akatoka nje kumbembeleza na yeye.

Luka hakuandika kama aliingia.