"Dada, hivyo si viatu vya kiume?"

Nimepotea kidogo, si mnajua tena, fildi ikiisha ripoti inaanza. Leo nimeiweka ripoti pembeni maana kuna jambo limenikaa rohoni tangu Agosti, nalo ni viatu. Ndiyo, viatu. Usicheke kwanza.

Nazungumzia vile viatu vya ngozi ambavyo baba zetu walivaa na suti. Oksfodi, brogi zenye vitundu vitundu puani, dabi (si ile ya Simba na Yanga), na lofa za kuchomeka mguu tu, ambazo wengine tunaziita moka. Ninazo jozi mbili. Brogi za kahawia niliziokota mtumbani Karume kwa sh. 22,000 baada ya kubishana nusu saa, na nyeusi za kamba ndizo zile zile nilizovaa kidato cha tano na cha sita. Nazivaa na sketi, na gauni la kitenge, na suruali. Na tangu mwaka wa kwanza nasikia swali moja tu: dada, hivyo si viatu vya kiume?

Basi nikaamua kuwauliza wanawake wenzangu wanavyoona. Siyo utafiti, msije mkaniuliza sampuli.

Nilianza na rumeti wangu. Yeye ni mtu wa mchuchumio, hata kwenda kafeteria. Akasema viatu vya kamba vinakata mguu, unaonekana mfupi kuliko ulivyo, hasa ukivivaa na sketi inayoishia katikati ya ugoko. Hapo hajakosea, nimejiangalia kwenye kioo. Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia: "Mimi ni mfupi. Nikivaa flati kwenye kikao watu wanaongea juu ya kichwa changu. Nikivaa kisigino wananitazama usoni." Nikanyamaza. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia habari za mgongo na vidole, lakini kwa hoja ile ningemwambia nini?

Shoga yangu wa uhandisi hata swali hakulielewa. Kwenye karakana huingii na viatu vya wazi, kwa hiyo yeye anaona kiatu kilichofunika mguu, kina soli ngumu, basi. "Kwani vya kike vina nini cha ziada?" Akaondoka kuwahi kipindi Yombo. Jirani yetu wa chumba cha pili yeye alinifungulia Kumbukumbu la Torati 22:5. Nikamuuliza mbona suruali ya jinzi amevaa, akasema hiyo imeshonwa ya kike.

Jibu hilo lilinichekesha mpaka nilipoongea na rafiki yangu wa Unguja, anayevaa baibui na lofa nyeusi (anapendeza huyo, jamani!). Naye kwake kinachoangaliwa ni kiatu kimetengenezwa kwa ajili ya nani. Lofa zake zimetengenezwa za kike, hazimsumbui. Brogi zangu za Karume yeye asingevaa.

Na kweli tofauti ipo, ila sipo pale watu wanapodhani. Namba za Ulaya ni zile zile kwa wote, kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita. Tofauti iko kwenye kalibu. Kalibu ya kiume ni pana zaidi, na nyuma kwenye kisigino pia inapwaya. Ndiyo maana ukivaa 39 ya kiume vidole vinastarehe lakini kisigino kinapanda na kushuka kama pampu ya kisima. Dawa yake ni kumpelekea fundi akubandikie kipande cha sponji chini ya ulimi, ule unaokaa chini ya kamba. Mguu unasukumwa nyuma, habari imekwisha. Na kama mgongo wa mguu wako umeinuka, achana na oksfodi, chukua dabi. Oksfodi kamba zake zimefungiwa chini ya ngozi ya mbele, hazifunguki sana. Dabi mbawa zake ziko juu, unaachia unavyotaka. Wenye namba 37 kushuka chini poleni, vya kiume vingi vinaanzia 39 au 40, itabidi mkatafute kwenye fungu la watoto wa kiume.

Wawili kati ya niliowauliza walisema wakifika mtumbani wanadanganya kuwa wanamnunulia kaka. Na wanavijaribu wenyewe, mbele ya muuzaji!

Sasa nije kwenye fildi. Siitaji ofisi, ni mjini huko. Nilikuwa natoka Mbezi saa kumi na mbili kasoro, nasimama njia nzima, kisha natembea. Nikavaa zile nyeusi za shule, zimepigwa kiwi mpaka unajiona. Wiki ya pili dada wa utumishi akaniita, taratibu tu, kwa upole. "Mdogo wangu, unapendeza, lakini hivyo viatu ni vya kiume. Hapa tunapokea wageni. Kesho vaa vya kike."

Nikauliza, "Shikamoo dada, vya kike ni vipi?"

"Marahaba. Vyenye kisigino, hata kidogo."

Na wakati anasema hivyo, vyake alikuwa amevivua, viko chini ya meza vimelala ubavu, na miguu iko kwenye malapa. Wala simcheki. Nusu ya wanawake wa Dar wanaoshuka kwenye daladala asubuhi wana malapa mguuni na viatu vya ofisi kwenye mfuko. Lakini getini tulipopita wote wawili asubuhi ile palikuwa na mlinzi, mwanamke, amevaa viatu vyeusi vya kamba. Naye ndiye mtu wa kwanza anayewapokea wageni.

Hapo ndipo pananiuma. Shule niliyosoma, fomu ya kujiunga iliandika wazi: msichana aje na viatu vyeusi vya ngozi, vya kufunga kwa kamba, kisigino kifupi. Ukija na vya kuchomeka unarudishwa bwenini. Ukimaliza kidato cha sita, waliochaguliwa JKT kwa mujibu wa sheria (iliyorudishwa mwaka 2013) wanavaa buti, wasichana kwa wavulana. Askari polisi mwanamke, kamba. Hakuna anayewaambia wamevaa vya kiume. Kwa hiyo msichana akiwa chini ya amri, kiatu cha kamba ni nidhamu. Akikichagua mwenyewe, kimegeuka cha kiume! Jozi ni ile ile, nimeivaa mimi kote kuwili.

Na kama ni kufuata asili, basi turudishe na kisigino kwa wenyewe. Ulaya kisigino kirefu kilivaliwa kwanza na wanaume, walikiiga kwa wapanda farasi wa Uajemi ambao kiliwasaidia mguu usichomoke kwenye kikuku cha tandiko. Ipo picha ya mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa iliyochorwa mwaka 1701, mzee wa watu kasimama na visigino vyekundu bila wasiwasi wowote. Wanawake nao wamevaa vya wanaume muda mrefu sasa. Marlene Dietrich alivaa suti kamili ya kiume kwenye filamu ya Morocco mwaka 1930. Na hapa jirani, Brazzaville na Kinshasa, kuna akina mama wa La Sape, wanavaa suti na viatu vya ngozi vya bei inayotisha, na mtaa mzima unatoka nje kuwatazama.

Wala si Dar peke yake wanakobanwa. London mwaka 2015 Nicola Thorp alirudishwa nyumbani bila malipo siku yake ya kwanza mapokezi kwa sababu alivaa flati. Akaanzisha ombi, likapata saini zaidi ya 100,000, Bunge la Uingereza likalijadili mwaka 2017. Japani mwaka 2019 Yumi Ishikawa alianzisha kampeni ya #KuToo, jina linalocheza na maneno yao mawili, kiatu na maumivu. Ukisoma hayo unaona ni jambo kubwa. Ukiwa peke yako kwenye kiti cha plastiki mbele ya dada wa utumishi, ni jambo dogo tena la aibu, na kwenye fomu yako ya tathmini kuna mstari wa "mwonekano".

Nilimpigia mama mdogo, mwalimu wa shule ya msingi, miaka ishirini na kitu anasimama ubaoni. Nikategemea ataniambia nivumilie tu. Akacheka. "Mimi navaa moka za marehemu baba yako mdogo kila Jumatatu, siku ya paredi. Hakuna aliyeuliza. Wewe umeulizwa kwa sababu bado hujaajiriwa." Halafu akaongeza, "Lakini alama ni zako, usije ukaniambia nilikutuma."

Kesho yake nilivaa zile zile. Nilibadilisha soksi tu, nikaweka nyeusi nyembamba badala ya zile nene. Dada wa utumishi alitazama chini, akatazama juu, akanipa mafaili. Hakurudia tena mpaka namaliza. Fomu ilipotoka, kila mstari 5 kati ya 5, isipokuwa mwonekano: 3. Rumeti anasema ningevaa tu skuna zake kwa wiki nane, mambo mawili hayo yangekuwa yangu. Mimi nimepiga hesabu ya kutoka kituoni hadi ofisini, kwenda na kurudi, mara siku arobaini. Bado hatujakubaliana, na ubishi unaendelea kila usiku taa zikizimwa.

Zile nyeusi hata hivyo nimeziaga. Fundi amezipiga soli mpya, sh. 12,000, na kuzishona pembeni. Mdogo wangu anaanza kidato cha kwanza Januari na mguu wake umeshanifikia. Jumapili alizijaribu sebuleni, akatembea mpaka jikoni na kurudi, mama akaminya puani kwa kidole gumba kuona kama nafasi imebaki, akasema zinamtosha mpaka kidato cha tatu.