Dinamo ya Baba

Baba alikuwa na kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli huku Butembo, yenye dinamo iliyosugua tairi la nyuma. Taa ilikula nguvu za miguu yake. Akikanyaga sana inawaka njano kama kiini cha yai, akipanda mlima inafifia, akisimama giza. Mimi nilikaa nyuma juu ya gunia la maharagwe nikisikiliza dinamo inavyolia. Mama alitutambua kwa mlio huo kabla hatujakata kona ya nyumbani. Tshukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, hazikuwa na taa. Mwenye nayo alipiga kelele tu mteremkoni, nawe ulimpisha upesi.

Pikipiki zilipoanza kuingia kwa wingi kupitia mpaka wa Kasindi, kila moja ilikuwa na taa yake moja ya kiwandani. Haikuwatosha vijana. Leo motari, mwendesha pikipiki, anaongeza mbili za LED chini ya usukani, nyeupe zenye ubuluu, na nyingine ya kumetameta.

Magari nayo yana kisa chake. Kongo tunaendesha kulia, lakini mengi ya mitumba yametengenezwa kwa nchi za kushoto, kama Japani. Taa yake, hata ikishushwa, imepangwa inyanyuke kidogo upande wa kushoto ili imulike ukingo wa njia. Huku kwetu kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Basi hata dereva mwenye adabu anakuchoma macho.

Mwaka juzi, karibu na Maboya, motari mmoja alinipofusha nikaishia mtaroni na pikipiki yangu. Alirudi kuninyanyua.

“Pole, muze. Natoka Beni.”

Nilikuwa na matusi tayari, nikayameza. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika vijiji vya Beni, anayechelewa njiani hatosheki kumulika barabara tu. Anataka kuona na kichaka, kulia na kushoto. Ningemwambia nini?

Lakini kuna jambo moja nimeliona. Tukifika kwenye barieri ya wanajeshi, wote tunashusha taa, mwenye gari anawasha ile ya ndani, na hakuna anayengoja kuambiwa mara mbili. Kumbe swichi zinafanya kazi! Basi, ndugu yangu motari, ukiniona ninakuja mbele yako na kitaa changu kimoja, nichukulie kama mwanajeshi.