Kabla ya kununua pikapu, hesabu magunia na watoto

Kwa miezi mitatu mume na mke wa kijiji kimoja mkoani Njombe hawakuelewana kuhusu gari. Fedha ilikuwepo, Sh30 milioni walizokusanya kwa misimu minne ya viazi mviringo na parachichi. Ubishi ulikuwa juu ya aina ya gari. Mume alitaka pikapu ya dabo kebini, yenye milango minne. Mke alitaka singo kebini, yenye milango miwili na bodi ndefu nyuma.

“Baba watoto, gari la milango minne ni la maofisa,” mke alimwambia jioni moja. “Sisi tunapeleka viazi Makambako. Viazi havikai kwenye kiti.”

Mume hakujibu. Alitoka nje akakaa peke yake mpaka giza likaingia. Mke akaamini mwenzake anataka gari la kujionyesha kwa watu, na hilo likamuuma, kwa sababu nusu ya fedha ile ilikuwa jasho lake.

Kilichowafanya watafute gari jingine ni jambo lililotokea Machi ya mwaka uliotangulia. Walikuwa na Noah ya zamani, na nyuma yake walikuwa wakifunga tela walilochongesha kwa fundi wa kuchomelea. Siku hiyo tela lilikuwa na magunia kumi ya lumbesa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Ndani ya gari kulikuwa kumejaa parachichi, hivyo mtoto wao wa kwanza, mvulana wa miaka tisa, alikaa juu ya magunia.

Kwenye mteremko wa kuelekea darajani, tela likaanza kuyumba kushoto na kulia. Baba akakanyaga breki, lakini tela likaendelea kuisukuma Noah kutoka nyuma. Vyote viwili viliishia mtaroni. Mtoto alirushwa kwenye shamba la mahindi, akavunjika mkono wa kulia. Majirani walisema Mungu mkubwa. Mkono ulipona, ila mpaka leo haunyooki sawasawa.

Baada ya hapo, ndani ya nyumba ile hakuna aliyeizungumzia siku hiyo.

Walipoona ubishi hauishi, walikubaliana kwenda kwa fundi mmoja mzee wa Makambako, anayeheshimika kwa magari ya shamba. Walimkuta chini ya gari, wakamsalimia, akaitikia marahaba bila kutoka. Mume alipotaja fedha waliyonayo, mzee akamkatisha.

“Fedha baadaye, mwanangu. Niambieni kwanza mnabeba nini, mara ngapi kwa mwezi, kwa njia ipi, na nani anakaa wapi.”

Hawakuwa na jibu. Akawatuma warudi nyumbani, wachukue daftari la mtoto, waandike kila safari kwa mwezi mzima. Kabla hawajaondoka, alitoka uvunguni, akafuta mikono na kuwaeleza mambo ambayo wanunuzi wengi huyajua wakiwa wameshalipa.

La kwanza ni uzito. Pikapu zinazoitwa za tani moja hazibebi zote tani moja. Kila gari lina uzito wa juu unaoruhusiwa, na huandikwa kwenye kibao chake au kwenye kitabu chake. Ukitoa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kupakia, na humo wamo pia dereva, abiria na zana. Gunia la lumbesa hupita kilo 100. Kwa hiyo magunia kumi peke yake yameshavuka tani, hata kabla dereva hajapanda.

La pili ni tela. Watu husema gari hili linavuta, lile halivuti, lakini swali kubwa ni kama litasimama. Watengenezaji wengi wa pikapu huweka kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki zake lenyewe. Hizo ni kilo za tela na mzigo wake pamoja. Zaidi ya hapo, tela linapaswa kuwa na breki. Vilevile, kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela inatakiwa kulalia ndoano ya gari. Mzigo ukilundikwa nyuma sana, pua ya tela hunyanyuka, na hapo ndipo linapoanza kuyumba. Na uzito huo unaolalia ndoano huhesabiwa kwenye mzigo wa gari. Tela la kilo 1,500 likilaza kilo 150 nyuma ya pikapu, bodi imepoteza zaidi ya gunia moja.

Mume alikuwa ameinamisha kichwa. Lile tela lao halikuwa na breki, na magunia mazito yalikuwa yamepangwa nyuma.

La tatu ni fowili. Pikapu nyingi za kazi zina fowili ya kuunganisha dereva anapotaka. Kwenye tope husaidia sana, na gia nzito, ile inayoandikwa 4L, huwezesha gari kupanda na kushuka polepole kwa nguvu ya injini bila kuunguza breki. Lakini kwenye lami kavu iondolewe, kwa sababu magurudumu ya mbele na ya nyuma huzunguka tofauti kwenye kona, na kuyafunga pamoja huumiza difu na gia. “Na muelewe,” mzee alisema, “fowili inakusaidia kwenda. Haikusaidii kusimama. Kinachosimamisha gari ni breki na matairi.” Akawaonyesha namba iliyo ubavuni mwa tairi. Namba 112, kwa mfano, maana yake tairi hilo linabeba mpaka kilo 1,120. Tairi la gari dogo likifungwa kwenye pikapu kwa sababu ni rahisi, siku moja litapasuka na mzigo.

La nne ni injini. Kwa kuvuta mzigo, dizeli ina faida, kwa sababu hutoa nguvu ikiwa bado inazunguka polepole. Zile za zamani zisizo na tabo, kama 5L ya Hilux yenye lita 3.0 au 1HZ ya Land Cruiser yenye lita 4.2, hazina haraka mlimani, lakini mafundi wengi wa vijijini wanazimudu. Injini mpya za dizeli zina nguvu zaidi, ila mfumo wake wa mafuta hautaki uchafu, na nozeli zake zikiharibika gharama ni kubwa. Anayenunua mafuta ya kwenye madumu alijue hilo.

Mwisho aliwaambia wasinunue gari wakiwa wamesimama. Walale chini waangalie kama chesi imechomelewa au imeoza. Waiwashe injini asubuhi ikiwa baridi. Waingize 4L na kuijaribu kwenye udongo. Na waliendeshe likiwa na mzigo, kwa sababu klachi iliyochoka haijifichi mlimani.

Mwezi mzima mke aliandika kwenye daftari. Alikuwa na uhakika kwamba litamtetea. Jumapili ya mwisho walikaa mezani wakahesabu. Safari zilikuwa 26. Za viazi, parachichi na mbolea zilikuwa 12. Nyingine 14 zilikuwa na watoto ndani yake: hospitali kwa ajili ya ule mkono, kanisani, kwa bibi, shuleni siku za mvua. Na katika zile 12 za mzigo, tano watoto walikuwepo pia, kwa sababu hakukuwa na wa kuwaachia.

Mke aliangalia namba zile, kisha akamwangalia mwenzake. “Kumbe ndiyo maana ulitaka milango minne?”

Mume alikaa kimya kidogo. “Siku ile mimi ndiye niliyempandisha juu ya magunia,” alisema. “Alisema anaogopa. Nikamwambia wewe mwanaume, shika kamba. Nilimnyanyua kwa mikono hii.”

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Mke alikuwa amebishana kwa miezi mitatu na mtu anayetaka sifa, na mtu huyo hakuwepo. Aliyekuwepo ni baba aliyekuwa akitafuta kiti chenye mkanda kwa ajili ya mwanawe, akashindwa kusema kwa nini.

Walinunua Hilux dabo kebini iliyotumika, dizeli isiyo na tabo, kwa Sh26 milioni. Mzee wa Makambako ndiye aliyeikagua, na kabla ya kulipa walihakikisha kadi inalingana na namba ya chesi na gari halidaiwi faini. Fedha iliyobaki ilikwenda kwenye matairi manne ya kazi, breki, na mikanda ya viti vya nyuma, ambayo mwenye gari wa zamani alikuwa ameing'oa. Tela lilibaki uani, halifungwi tena mpaka liwekewe breki zake.

Haikuwa bila gharama. Bodi ya dabo kebini ni fupi, na kwa hesabu ya kibao chake, wakiwemo wote wanne linabaki na nafasi ya magunia sita tu. Mzigo waliokuwa wakiupeleka kwa safari moja sasa ni safari mbili, na dizeli inaonekana kwenye matumizi ya kila wiki. Mke, anayetunza hesabu, analalamika kila mwisho wa mwezi. Ila hajawahi kusema warudi nyuma.

Msimu uliopita, asubuhi moja wakipakia, jirani alikuja na magunia mawili yake. “Bado nafasi ipo,” alisema, akigonga ubavu wa bodi. “Mtoto atakaa juu ashikilie.”

Baba alifungua mdomo, lakini mvulana alimtangulia. Alikuwa amesimama nyuma ya pikapu na lile daftari mkononi, akihesabu magunia kama alivyoagizwa.

“Shikamoo, mjomba,” alisema. “Mwisho ni sita. Na mimi nakaa ndani.”

Baba alimtazama jirani, akatikisa kichwa taratibu. “Umemsikia,” alisema, kisha akamfungulia mtoto mlango wa nyuma.