Jinja Ni Mji wa Kulala

Mji wa Jinja uko kilomita 80 hivi mashariki ya Kampala, mahali ambapo Mto Naili unaanza safari yake kutoka Ziwa Viktoria. Kwa sababu ya ukaribu huo wageni wengi huutendea kama mji wa kupitia. Hufika asubuhi, huteremka mtoni, hupigwa picha mbele ya kibao, hula samaki, na jua likielekea kuchwa wamekwisha rudi barabarani. Watu hao wameyaona maji, lakini mji hawakuuona. Jinja humfunulia mambo yake yule anayelala, na kwa bahati njema ni mji ambao familia ya askari yaweza kulala siku mbili bila kuumaliza mshahara wa mwezi.

Iko sababu nyingine ya kuuchagua. Watu waliofunzwa pamoja, wakala chakula cha sufuria moja na kukesha zamu moja, hutawanywa na kazi. Mmoja huwa Kampala, wa pili yuko Tororo katika kambi ya Rubongi, wa tatu ni polisi wa Mbale au Iganga. Ruhusa ni fupi na nauli si ndogo. Mwenye kuitazama ramani ataona kwamba Jinja imekaa njiani kwao wote. Hakuna anayelazimika kusafiri siku nzima, wala hakuna anayefikia katika nyumba ya mwenziwe na kumtia gharama ya magodoro na vyombo. Hoteli ya kiasi, kila mmoja akijilipia chumba chake, huondoa haya nyingi baina ya marafiki.

Atokaye Kampala siku ya Ijumaa alasiri hana budi kuvumilia msongamano mpaka Mukono. Baada ya hapo njia hufunguka. Namawojjolo ndipo pa kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi tamu zilizobanikwa juu ya makaa. Wachuuzi huyakimbilia magari wakiwa wameinua vijiti vyao vya nyama kama wapeperusha bendera. Ukikosa hapo, wapo wengine Najjembe, ndani ya msitu wa Mabira. Msitu huu wenye ukubwa wa kilomita za mraba 300 hivi ulinusurika mwaka 2007, pale mpango wa kukata sehemu yake ili kulima miwa ulipoleta ghasia Kampala na watu wakapoteza maisha. Hewa ya Mabira ni ya baridi, na watoto waliokuwa wakilalamika kwa joto huanza kuomba sweta.

Mto huvukwa kwa daraja jipya lililofunguliwa Oktoba 2018. Lina urefu wa mita 525, limeshikiliwa na kamba nene za chuma, na lilijengwa kwa mkopo wa Japani. Kabla ya hapo magari yote yalipita juu ya bwawa la Owen Falls, ambalo Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua Aprili 1954, na ambalo leo huitwa Nalubaale. Wazee wa jeshi hulikumbuka vizuri bwawa hilo, kwani kulilinda ilikuwa kazi ya askari, na raia aliyetoa kamera pale aliipata habari yake.

Kuhusu malazi, mambo ni mepesi. Jinja ndiko kiliko chuo cha serikali cha mafunzo ya hoteli na utalii, na kazi ya kupokea wageni inajulikana mjini. Ziko hoteli kubwa zenye bustani karibu na mto, na ziko nyumba ndogo za wageni katika mitaa ya ndani, nyingi zikiwa makazi ya zamani yenye veranda pana. Mwenye watoto afadhali achague hizi za pili. Mama wa nyumba aingie chumbani kabla ya fedha kutolewa: atazame chandarua kama hakina matundu, afungulie bomba, aulize kama chai ya asubuhi imo katika bei, na aulize pia kama jirani kuna ukumbi wa muziki. Swali hili la mwisho husahaulika sana, na ndilo linaloharibu usiku wa Jumamosi.

Asubuhi ya Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu, ndipo mji unapostahili kutembelewa kwa miguu. Mitaa ni mipana na imenyooka, miti ni mikubwa, na korongo wale wazito ambao Waganda huwaita kalooli husimama juu ya mapaa kama wazee wa baraza. Katika Barabara Kuu maduka mengi ya Wahindi bado yana miaka ya kujengwa kwake iliyochongwa juu ya vipaji vya nyumba, mingi ya kabla ya Uhuru. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na milango hiyo ikafungwa au ikagawiwa wengine. Kabla ya hapo Jinja ilikuwa karakana ya Uganda nzima: umeme wa bwawa uliendesha kiwanda cha nguo cha Nytil, shaba ya Kilembe ililetwa kwa reli kuja kuyeyushwa, na kilomita 15 hivi kutoka mjini sukari ya Kakira, iliyoanzishwa na Muljibhai Madhvani katika miaka ya 1930, ilikuwa ikinywewa chai nchi nzima. Viwanda vilidhoofika, vingine vikafa. Kakira ilifufuliwa baada ya wenyewe kurejea mwaka 1985, na baadhi ya nyumba za mjini zilirudishwa kwa wenyewe katika miaka ya 1990. Baadhi ya nyumba zimepakwa rangi mpya. Nyingine zimeota mti katika ufa wa ukuta. Zote mbili hutazamwa kwa faida. Tangu tarehe 1 Julai 2020 Jinja ni jiji kwa sheria, ingawa saa hiyo ya alfajiri mtu husikia baiskeli ikija kabla hajaiona.

Baada ya chai ndipo mto. Jina lenyewe la Jinja latokana na jiwe, kwa maana palikuwa na miamba na maporomoko pale ziwa linapomwaga maji yake. John Hanning Speke alifika tarehe 28 Julai 1862 akayaita maporomoko hayo Ripon, kwa heshima ya bwana mmoja wa kwao. Wasoga walikuwa wakiuita mto huo Kiyira, na wanauita hivyo mpaka leo. Aendaye kuyatafuta maporomoko hayo hatayaona. Yalizamishwa bwawa lilipojengwa. Ya Bujagali, kaskazini kidogo, nayo yalifunikwa mwaka 2011 kwa ajili ya bwawa lingine, ambalo tangu 2012 lina uwezo wa megawati 250. Ni vema watoto waelezwe jambo hili kwa uwazi: taa wanayosomea jioni ina bei, na sehemu ya bei hiyo ni sauti ya maji ambayo babu zao waliisikia na wao hawataisikia.

Boti hukodishwa ufukoni. Bei isemwe kabla ya kupanda, na makoti ya kuokolea yavaliwe na watu wote, hata yule baba anayejisifu kuwa aliogelea ziwani tangu utotoni. Hapo pia pana sanamu ya Mahatma Gandhi, kwani mwaka 1948 sehemu ya majivu yake ililetwa kutiwa katika maji haya. Husemwa kwamba maji yanayotoka hapa hufika bahari ya Misri baada ya miezi mitatu hivi. Saa moja na nusu yatosha kwa yote hayo.

Yatosha, kwa sababu jambo kubwa la safari lingali linangoja. Marafiki wakutane mchana, mahali penye kivuli, na wasiwe na haraka. Wenyeji hulaki kwa neno kodheyo, salamu ya Kisoga kwa mtu aliyepotea machoni kwa muda, na hakuna salamu iliyo bora kuliko hiyo kwa watu waliotenganishwa na uhamisho. Chakula kiwe samaki: ngege mzima wa kukaangwa, au sangara, yule mkubwa aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 akala samaki wengi wadogo wa asili, kisha naye akawa riziki ya watu. Viazi vitamu viwepo, kwa kuwa Busoga bila viazi si Busoga.

Wanaume huanza na vyeo: nani amepanda, nani amestaafu, nani amejenga. Wanawake huanza na watoto, na mara nyingi wao ndio wenye mengi zaidi. Waliishi ukuta kwa ukuta katika nyumba za kambi, wakaazimana chumvi na unga, wakapelekana hospitali usiku. Tangu Machi 2007, Uganda ilipopeleka kikosi cha kwanza Somalia, wengi wao wamejua maana ya kungoja simu. Yule aliyekaa na mwenziwe usiku ule wa habari mbaya ni ndugu kuliko ndugu wa tumbo moja, lakini uhamisho haumjali. Mwezi ufuatao mmoja hupelekwa magharibi na mwingine kaskazini.

Kwa hiyo orodha ya waalikwa isiishie kwa walio kazini. Yupo mjane aliyeondoka kambini na masanduku yake akarudi kijijini kwa mumewe, ambaye tangu siku hiyo hajaalikwa popote kwa kuwa hakuna tena wa kupigiwa simu. Yupo mwenzao aliyekatwa mguu, ambaye huona haya kuomba nauli. Chumba kimoja kipunguzwe hadhi, hoteli yenye bwawa la kuogelea iachwe, na fedha hiyo itumwe kwao mapema pamoja na ujumbe wa heshima: “Shemeji, tunakungoja Jinja Jumamosi, chumba chako kipo.” Afikapo asikaribishwe kwa maombolezo. Aketishwe katikati, apewe samaki, na aachwe acheke. Baadaye, giza likiingia, huenda mwenyewe akauliza ilikuwaje siku ile, na mezani pana mtu aliyekuwapo. Jibu hilo halipatikani katika barua yoyote.

Jumapili asubuhi, baada ya sala, wenye nafasi hupita katika makaburi ya vita ya Jinja. Wamelala humo askari wa Vita Kuu ya Pili, katika mistari iliyonyooka. Mji huu ulikuwa wa kikosi cha KAR cha Uganda, ambamo vijana wa makabila mbalimbali walipokea amri kwa Kiswahili. Na hapa, tarehe 23 Januari 1964, askari walimzuilia waziri Felix Onama kwa ajili ya mishahara, mpaka askari wa Kiingereza wakaletwa kutoka Kenya. Leo chuo cha makamanda wakuu kiko Kimaka, pale pale mjini. Mtoto wa askari aliyeonyeshwa haya kwa kidole ataisoma historia yake shuleni kwa jicho lingine.

Saa nane si mapema mno kuagana. Wa Tororo na Mbale hushika njia ya Iganga, wa Kampala hulielekea daraja, na mjane hupandishwa gari kwanza, nauli ikiwa imekwisha lipwa, na samaki wa kukaushwa wakiwa wamefungwa vizuri katika karatasi juu ya magoti yake.