Chai Isiyodai Sukari

Akina mama wenzangu, naanza kwa kuungama. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimewafundisha wagonjwa wa kisukari kupunguza sukari katika chai. Lakini nyumbani kwangu hapa Vwawa, mama mkwe wangu alikuwa akificha sukari chini ya mto.

Alipogundulika kuwa na kisukari, niliondoa bakuli la sukari mezani. Siku ya tatu alionja chai yangu, akakiweka kikombe chini. "Mwanangu," aliniuliza, "hii ni chai au ni dawa?" Nilimjibu kwa ukali kwamba uhai ni bora kuliko utamu. Tangu siku hiyo akawa anamtuma mjukuu dukani kwa siri. Nilipokikuta kile kifuko tuligombana, na kwa wiki nzima tukawa watu wa kusalimiana tu.

Ndipo mpwa wa mume wangu aliporudi kutoka masomoni China. Alituletea pakiti mbili za chai: moja ya Qimen, katika jimbo la Anhui, na nyingine ya Yunnan. Mama alifurahi sana. Marehemu baba mkwe alifanya kibarua kwenye reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kupita hapa hapa Vwawa. Alizoea kusimulia jinsi Wachina walivyokunywa chai bila sukari wala maziwa. "Tuliwahurumia," Mama alisema, "tukidhani hawana fedha!"

Niliyatia majani katika sufuria, nikayachemsha kama nilivyozoea hadi chai ikawa nyeusi kama lami. Tulipoionja, sote tulikunja uso. Kijana akacheka, akaomba aingie jikoni yeye.

Alichemsha maji peke yake. Akasuuza buli kwa maji ya moto, akatia kijiko kimoja cha chai cha majani kwa kila kikombe, akamimina maji yanayotokota, akafunika. Baada ya dakika tatu alichuja. Rangi yake ilikuwa nyekundu ya kung'aa. Alitueleza kwamba Wachina huiita "chai nyekundu", kwa kutazama rangi ya maji yake, kama sisi tunavyosema chai ya rangi. Ile ya Qimen ilinukia maua na matunda yaliyokaushwa, na moshi kwa mbali. Ya Yunnan ilikuwa nzito zaidi, yenye utamu kama wa asali, ingawa hakuna aliyetia kitu. Majani yale yale yalitoa chai nzuri hata mara ya pili.

Mama aliomba nusu kijiko tu cha sukari. Alipomaliza kikombe alinitazama. "Kumbe hukuninyima sukari tu, mwanangu. Ulikuwa unaiunguza na chai yenyewe."

Maneno yale yalinichoma, kwani yalikuwa kweli. Majani yakichemka muda mrefu hutoa tanini nyingi, ambazo huleta uchungu na kukausha ulimi. Kisha uchungu huo tunaufunika kwa sukari. Niliwadai watu waache sukari, huku nikiwapikia chai isiyonyweka bila sukari.

Pakiti zile zilipoisha tulirudia chai yetu, kwani majirani zetu wa Rungwe wanailima. Majani ya China yale yalikuwa yamesokotwa marefu, bali ya kwetu kwa kawaida hukatwa punje ndogo, hivyo hukolea upesi: dakika mbili au tatu zatosha. Hakikisha maji yanatokota kweli, maana katika miinuko yetu huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Tangawizi ichemke kwanza katika maji, na maziwa yachemshwe pembeni.

Shirika la Afya Duniani hushauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, yaani kama vijiko sita vya chai kwa mtu mzima. Vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu kila kimoja vimeshavuka hapo. Tena chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga. Mama mjamzito, subiri walau saa moja baada ya kula.

Hata kanisani tumebadilika. Zamani, sisi tuliohudumu baada ya ibada tuliimwaga sukari yote katika sufuria kubwa, na mgonjwa hakuwa na la kuchagua. Sasa bakuli hukaa mezani, kila mtu ajipimie.

Mama bado anameza vidonge vyake na kuhudhuria kliniki; chai haikumponya. Lakini chini ya mto wake hakuna kitu tena. Jioni yeye ndiye anayeshika buli, nami nikitaka kumimina mapema hunipiga kofi la mkono: "Ngoja, dakika bado!"