Sheria Ambayo Aristotle Hakuiandika

Nilipokuwa nikifundisha fasihi katika shule moja ya sekondari, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliniletea tamthilia aliyoitunga. Ilimhusu manamba aliyeiacha nyumba yake kwenda kukata mkonge Tanga, akarejea baada ya miaka kumi na miwili. Nilimkata alama, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba amevunja umoja wa wakati na wa mahali alioagiza Aristotle. Kusema kweli, siku hiyo nilikuwa sijakisoma kitabu cha Aristotle. Nilikuwa nimesoma vitabu vilivyomtaja.

Baadaye nilikisoma. Katika Poetics, Aristotle anasisitiza umoja wa tendo: visa vishikamane hata kimoja kikiondolewa, mchezo mzima utikisike. Kuhusu wakati, anasema tu kwamba tanzia hujitahidi kutimia katika mzunguko mmoja wa jua, au kuuzidi kidogo. Hiyo ni habari ya alichokiona, wala si amri. Kuhusu mahali hatoi kanuni yoyote. Sophocles alifariki mwaka 406 K.K., naye Aristotle akazaliwa mwaka 384 K.K.; michezo ilitangulia, nadharia ikafuata. Tena katika Eumenides ya Aeschylus, mchezo unaanzia Delphi na kuhamia Athens!

Aliyeukamilisha umoja wa aina tatu ni Mwitalia Lodovico Castelvetro, mwaka 1570, na wanaurasimi mpya wa Ufaransa wakaufanya mizani ya kila mchezo. Pierre Corneille aliionja adhabu yake. Katika Le Cid, iliyochezwa mwaka 1637, kijana Rodrigue anamwua baba wa mchumba wake, anawashinda Wamori vitani usiku, kisha anapigana tena ana kwa ana, yote katika muda wa siku moja hivi. Mtunzi aliyabana mambo ili aitii sheria. Akademia ya Ufaransa ikamlaumu kwa kuyabana.

Hata hivyo nisiwadhulumu. Phèdre ya Jean Racine, ya mwaka 1677, imefungwa ndani ya kanuni hizo hizo, na kufungwa huko ndiko kunakoipa moto wake. Lakini ni hapo hapo nilipoona tofauti iliyo kubwa kuliko ya saa na mahali. Katika Hippolytus ya Euripides, iliyochezwa mwaka 428 K.K., Phaedra, mke wa mfalme, ndiye mwenyewe anayeacha waraka wa kumsingizia mwana wa mumewe. Racine anamtwika yaya uzushi huo, na katika dibaji anaeleza kwamba uovu wa namna hiyo ni duni mno kwa binti wa kifalme, ila wamfaa zaidi mtumishi. Aristotle naye aliwataka wahusika wa tanzia wawe watu wenye hadhi, lakini hakusema kwamba makosa yao wabebeshwe watumishi. Hiyo ilikuwa adabu ya jumba la mfalme Louis wa 14, imevishwa joho la Wagiriki.

Nikaikumbuka tamthilia ya yule kijana. Deni lilimtoa baba nyumbani. Kutokuwapo kwake kukamtoa mtoto shuleni. Na mtoto huyo ndiye aliyemfungulia mlango baada ya miaka kumi na miwili, akamwuliza anamtafuta nani. Kila onyesho lilizaliwa na lililotangulia. Daftari lile nilikwisha kumrudishia mwenyewe, na wino wangu mwekundu umo.